Neno "kubariki" lilikuwa na kazi tayari: ndoa, wafungishaji wake na mazungumzo ya taxi-bus Lubumbashi

Tarehe 18 Desemba 2023 ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani, chini ya Kardinali Víctor Manuel Fernández, ilitoa hati iitwayo Fiducia supplicans kwa idhini ya Papa Fransisko. Hati hiyo iliwaruhusu mapadri kutoa baraka fupi, nje ya liturujia, kwa watu wawili wanaoishi pamoja bila ndoa ya Kanisa, wakiwemo wawili wa jinsia moja. Ilisisitiza pia kwamba baraka hiyo isifanane na ndoa kwa maneno, kwa mavazi wala kwa ishara. Tarehe 11 Januari 2024 maaskofu wa Afrika na Madagaska, kupitia shirikisho lao la SCEAM, walijibu kwa barua iliyotiwa saini na rais wao, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa: katika makanisa ya Afrika, baraka hiyo kwa wawili wa jinsia moja haitatolewa.

Barua yao ina hoja za Biblia, za mafundisho na za desturi, na wengine wamezijadili kuliko ninavyoweza mimi. Lakini mojawapo inatugusa moja kwa moja sisi wa kitivo cha lugha. Maaskofu walisema kwamba lugha ya hati ile inakata tofauti ndogo mno, kiasi kwamba watu wa kawaida hawawezi kuielewa. Naona hoja hiyo inawaonea watu wa kawaida. Mtu anayeweza kutofautisha shemeji, wifi, mukwe na mujomba bila kukosea hashindwi na tofauti ndogo. Kilichokosekana Lubumbashi ni neno lililo huru. Kwa Kifaransa "bénédiction" na "mariage" ni maneno mawili, na hati nzima inasimama juu ya nafasi iliyo kati yao. Katika Kiswahili cha mji wetu nafasi hiyo haipo, kwa sababu "kubariki" ni jina la ndoa yenyewe.

Tuangalie ngazi ambazo vijana wawili wa hapa hupanda. Kwanza ni mali, yaani mahari: familia ya kijana huenda kwa familia ya binti, watu wanakaa, wanahesabu, wanabishana kidogo kwa heshima, wanakula. Pili ni komini, mbele ya ofisa wa hali ya raia. Tatu ni kanisa. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inazijua ngazi mbili za kwanza tu: ndoa huweza kufanyika katika familia kwa desturi kisha ikaandikishwa, au kufanyika mbele ya ofisa, na mahari inatakiwa kwa vyovyote. Kanisa, mbele ya dola, halina nguvu ya kuwafanya watu kuwa mume na mke. Kwa hiyo anayefika kanisani mara nyingi tayari ameoa, tayari ameolewa, pengine tayari ana watoto watatu. Anafuata nini basi? Anafuata kubarikiwa. Kadi za mwaliko huandika kwa Kifaransa "bénédiction nuptiale", na jirani huuliza kwa Kiswahili: "Mutabariki lini?" Hakuna anayejibu "Kubariki nini?" Yambwa imeanguka, na kitenzi peke yake kimebeba maana yote: gauni jeupe, kwaya, magari yanayopiga honi hadi kwenye ukumbi.

Walimu wetu wa semantiki wana jina kwa hali hiyo: neno limepunguza upana wake. Katika mazingira fulani maana moja imezifukuza nyingine. Nasema katika mazingira fulani, kwa sababu kubariki kwetu kuna maana nyingine zilizo hai kabisa. Padri hubariki maji, rozari, nyumba mpya. Hubariki gari. Mwenye taxi-bus akinunua Hiace yake ya kwanza, iliyotumika tayari huko ng'ambo, huipeleka parokiani au humwita mchungaji, nayo hunyunyiziwa maji au huwekewa mikono kwenye boneti. Hakuna anayedhani kwamba kwa tendo hilo Kanisa limethibitisha breki, au limekubali kwamba dereva apakie watu wanne mahali pa watatu. Gari limeombewa ulinzi, basi. Na mwanafunzi anayekwenda kwa padri kabla ya mtihani akapigwa alama ya msalaba kwenye paji la uso hatoki na diploma.

Nini kinachotuambia ni maana ipi? Yambwa, na zaidi ya hapo, idadi yake. Ukisema "padri amelibariki", kiambishi -li- kinakupeleka kwenye gari. Ukisema "padri amemubariki", -mu- inakupeleka kwa mtu mmoja aliyeinama: mgonjwa, msafiri, mtahiniwa. Ukisema "padri amewabariki" (mjini tutasema "amebabariki"), na msikilizaji akajua kwamba ni wawili, wazima, waliosimama pamoja, amefika kwenye ndoa. Hahitaji kuambiwa zaidi. Ugomvi wote wa Desemba 2023 na Januari 2024 umo ndani ya silabi hiyo moja, kati ya -mu- na -wa-. Tarehe 4 Januari 2024 Kardinali Fernández alitoa ufafanuzi: baraka hizo ni za sekunde 10 au 15 tu. Kwa sikio la Kifaransa au la Kiitaliano, ufupi huo ni dalili kwamba si arusi. Kwa sikio letu, sekunde hazibadilishi kiambishi.

Mtafsiri alikuwa na mtego mwingine kabla hata ya kukifikia kitenzi: "couple". Kiswahili hakina neno moja lisilo na upande kwa watu wawili walio pamoja. "Wanandoa" huwafanya wawe wamekwisha kuoana, jambo lile lile ambalo hati inalikana. "Wapenzi" huwashusha hadi uchumba wa barabarani. "Mume na mke" haiwezekani hapa. "Jozi" ni ya viatu. Wengi walichagua "wapenzi wa jinsia moja", wengine "wanandoa wa jinsia moja", na ukiunganisha hilo la pili na "kuwabariki" unapata sentensi isiyo na mlango wa kutokea: Papa amekubali kuwabariki wanandoa wa jinsia moja. Kila neno linaweza kutetewa peke yake kwa kamusi. Sentensi nzima inasema kitu ambacho hati haikusema.

Sentensi ya namna hiyo ndiyo iliyopanda taxi-bus. Anayetoka komini ya Kenya au Katuba asubuhi kwenda mjini, kisha mjini hadi kampasi ya Kasapa, anajua mambo yanavyokwenda. Dereva ana redio yake, kijana wa mlangoni anakusanya nauli na kupanga magoti ya watu, na kama siku ni njema kuna mhubiri anayesimama ameinamisha kichwa chini ya paa akitoa mahubiri hadi kituo chake, ambapo hupitisha mkono kwa sadaka. Katika siku zile za Januari nilisikia mabishano haya kati ya kijana mmoja na mama aliyekuwa na beseni la mboga. Nayaandika kama yalivyosemwa, katika Kiswahili cha mjini, si Kiswahili bora:

"Mama, habakusema ndoa. Banasema tu baraka."

"Baraka si ndoa? Siye balitubariki namna gani?"

"Ile ni ingine, mama."

"Ingine gani? Na nani atatosha mali?"

Watu wakacheka, na kijana akanyamaza. Lakini mama hakuwa anafanya mzaha tu. Sentensi yake ya kwanza ni uchambuzi sahihi wa lugha yake: alibarikiwa, na kubarikiwa huko kulikuwa ndoa. Sentensi yake ya pili inahama kutoka kanisani hadi ngazi ya kwanza, kwenye familia, na inauliza jambo ambalo mwanateolojia wa Roma hakuwa na sababu ya kulifikiria. Mali ina mwelekeo. Inatoka upande mmoja na kufika upande mwingine. Kama hujui upande upi ni upi, hujui uanze wapi.

Na mwelekeo huo huo umo katika kitenzi. Ni jambo la kushangaza kidogo ukilitazama kwa utulivu. Kiswahili hakionyeshi jinsia popote katika viambishi vyake. "Amemupiga", "amemupenda", "amemuzika": huwezi kujua kama a- ni mwanamume au mwanamke, wala -mu-. Wageni wanaojifunza lugha yetu hufurahi sana kusikia kwamba hakuna "il" na "elle". Lakini fika kwenye ndoa, jinsia inatokea mahali usipoitegemea, katika kauli. Mwanamume anaoa. Mwanamke anaolewa, kauli ya kutendwa. "Ameoa" peke yake inatosha kukuambia ni mwanamume, na "ameolewa" inatosha kukuambia ni mwanamke. Kiswahili hakiko peke yake. Kibemba, ambacho wengi wetu tunakisikia nyumbani, kina -upa kwa mwanamume na -upwa kwa mwanamke. Kilingala kina kobala na kobalama. Katika lugha hizi zote ndoa ni tendo lenye mtendaji mmoja.

Ndiyo maana swali linalozuka katika kila mabishano ya jambo hili, ndani ya basi na nje yake, ni lile lile: "Sasa nani anaoa na nani anaolewa?" Huulizwa kwa kicheko, kana kwamba ni pigo la mwisho. Mwulizaji anadhani anauliza juu ya miili ya watu. Sarufi ndiyo inayomsukuma: kitenzi kinadai mtenda na mtendwa, na kwa kawaida kinazijaza nafasi hizo kwa jinsia. Mtu anayetumia "se marier", kitenzi kinachowachukua wote wawili kwa namna moja, halazimiki kuliuliza.

Hapa kuna wanaopenda kwenda mbali zaidi na kusema kwamba lugha yetu yenyewe imekataa. Siwezi kuwafuata, na sababu zangu ni za sarufi. Kwanza, kauli hiyo hiyo tayari inavuka mpaka wa jinsia kila siku. Mwanamume anayehamia nyumbani kwa mke wake na kulishwa na mke, watu humsema: "Huyu ameolewa." Ni dhihaka, lakini dhihaka inaeleweka kwa sababu kauli inataja nafasi katika nyumba, si mwili. Pili, Kiswahili kina "kuoana", kauli ya kutendana, na "kufunga ndoa", ambazo zinawatendea wawili sawa. "Walifunga ndoa Johannesburg mwaka jana" ni sentensi safi, na haisemi ni nani. Tatu, kama sarufi ingekuwa ndiyo inayoamua, Wafaransa wangekuwa wamekubaliana zamani, na wote tunakumbuka maandamano ya Paris ya mwaka 2013. Ubelgiji, ambako wengi wetu tuna shangazi au binamu, ndoa ya jinsia moja ni halali tangu 2003, na Afrika Kusini tangu 2006. Kwetu, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 40, inampa kila mtu haki ya kuoana na mtu anayemchagua, wa jinsia tofauti. Maneno hayo mawili ya mwisho waliyaweka watunga sheria kwa makusudi, kwa Kifaransa. Kauli ya kutendwa haikupiga kura.

Kuhusu anayeongoza ndoa, sarufi nayo ina la kusema, na hapa nadhani tumechanganyikiwa zaidi kuliko tunavyokiri. Tunasema "padri amewafungisha ndoa". Kiambishi cha -ish- ni cha kutendesha: padri ndiye anayesababisha. Lakini mafundisho ya Kanisa Katoliki la Kilatini yanasema kinyume. Wanaopeana sakramenti ya ndoa ni bwana na bibi arusi wenyewe. Padri anauliza ridhaa yao na kuipokea kwa jina la Kanisa. Ni shahidi mwenye cheo. Kiswahili cha parokia kina kitenzi kingine, "kuadhimisha", kinachokaribia zaidi "célébrer", lakini mpaka leo sijakisikia ndani ya basi kikihusu arusi. Kwa Waislamu, ambao Maniema, hasa Kasongo, wana mizizi ya zamani, mambo yamepangwa vingine tena. Anayeoza ni walii, yaani baba au mlezi wa binti, na bwana arusi anajibu kwamba amekubali. Shehe mara nyingi anasimama kama wakili wa walii. "Kuoza" hapa ni kitenzi kile kile cha kuoa katika kauli ya kutendesha. Ni bahati mbaya kwamba kinafanana na kuoza kwa nyama, na labda ndiyo sababu watu wengi wanapendelea "kuozesha". Katika makanisa ya uamsho mchungaji ndiye kila kitu: anauliza, anatangaza, anabariki, na siku nyingine ndiye aliyewatafutia wachumba.

Kwa hiyo mtu aliyesikia Desemba 2023 kwamba mapadri wameruhusiwa kubariki alisikia pia, bila kuambiwa, kwamba mapadri wataleta kitu ambacho bila wao kisingekuwapo. Padri wa Kiswahili cha mjini ana uwezo mkubwa kuliko padri wa sheria za Kanisa. Hofu ya watu ililingana na kitenzi chao, wala haikuwa ya kijinga.

Nimetumia mifano ya basi, na lazima niseme ina uzito gani. Taxi-bus ni mahali pazuri pa kusikiliza maneno na pabaya pa kuhesabu maoni. Watu wamebanana goti kwa goti, hawajuani, na hakuna anayeweza kuondoka katika mazungumzo bila kulipa nauli nyingine. Anayeanza kusema huweka sauti, wanaokubali huongeza, mhubiri huhitimisha. Asiyekubali hutazama dirishani hadi kituo chake. Wanaofundisha pragmatiki hutuambia kwamba ukimya nao ni zamu ya mazungumzo, lakini hakuna daftari la utafiti lenye safu ya kuandika kwamba abiria wa kiti cha nyuma alikuwa akizungusha pete ya mfuko wake tangu soko la Kenya. Katika basi la watu kumi na tisa wanaocheka swali la nani anaolewa, anaweza kuwamo mtu ambaye swali hilo ni maisha yake, au mama wa mtu huyo. Wenzangu wanaoandika tasnifu juu ya "maoni ya wakazi" kwa kusikiliza vituoni na sokoni wangefanya vema kukumbuka jambo hilo kabla ya kuandika neno "wote". Hata kijana wa baraka na ndoa aliyenyamaza mbele ya mama hakubadilisha mawazo. Alimheshimu mama, na kituo chake kilikuwa bado mbali.

Je, tafsiri nyingine iliwezekana? Nimewauliza wenzangu wawili wanaotafsiri matangazo ya Misa katika parokia zao, na tulikubaliana juu ya neno moja: "kuombea". "Padri anaweza kumuombea kila anayekuja, hata kama anaishi na mwingine bila ndoa." Sentensi hiyo inafanya karibu kila kinachotakiwa. Haina arusi ndani yake. Inafuata mazoea, maana watu huombewa kila siku, wagonjwa, wadeni, wasio na kazi, madereva, na kuombewa hakumaanishi kusifiwa. Inaruhusu hata uwingi, "kuwaombea", bila kuwapeleka wawili madhabahuni. Sidhani ingebadilisha jibu la SCEAM, kwa kuwa maaskofu walisoma hati kwa lugha zake na hoja zao nyingine zilikuwa palepale. Ingebadilisha labda kile kilichobishaniwa katika basi.

Mmoja wa wenzangu hao alitaka kuliandika neno hilo kwenye tangazo la Jumapili. Katekista aliyekuwa akisahihisha alilikata kwa kalamu nyekundu na kurudisha "kubariki". Kuombea, alisema, ni neno la wale wa uamsho. Mapadri wetu wanabariki.